Matanga ya Rubani, Makanyagio

Jumatatu, 9 Juni

Idd imepita, Mpanda nzima inaoana, na turubai zangu zimelala stoo. Harusi zote kachukua Uwesu wa Shanwe. Viti vyake kavivalisha vitambaa vyeupe na utepe mgongoni, utadhani navyo vinaolewa. Mimi watu bado wananikumbushia harusi ya Raya. Haya, ni kweli nilifuga kambale kwenye masufuria ya kukodisha. Lakini niliyasugua kwa majivu. Kama pilau lilinuka samaki, aulizwe mpishi.

Posa yangu kwa Mwanahija haijajibiwa. Mgahawa wake umepakana na stoo yangu, chapati zake nazijua hata nikifumba macho. Ba'mdogo wake, Mzee Anuari, kasema jibu litatoka Ijumaa ya wiki ijayo. Mwanahija mwenyewe kaweka sharti moja tu: mpaka siku hiyo asisikie mpango wangu wowote mpya. Nimekubali. Mimi Mbaruku ni mtu wa neno langu. Bado ananiita kaka, lakini hiyo ni heshima tu.

Jumanne, 10 Juni

Mwalimu Pontien, wa jiografia, kaja tuunganishe simu yake kwenye runinga yangu ya stoo. Kuna meli ya utafiti Bahari ya Pasifiki. Imeshusha roboti lenye taa na kamera mpaka chini kabisa, na dunia nzima inaangalia papo hapo. Wanatafuta ndege za jeshi la majini zilizozama wakati wa Vita vya Pili. Nikamwambia nina kazi nyingi. Nikakaa mpaka bando lake likaisha.

Bahari sijawahi kuiona. Maji makubwa niliyoyaona ni Ziwa Tanganyika, mara moja, kule Karema, na nilitapika kwenye boti ambayo ilikuwa bado imefungwa. Lakini hii ni nyingine. Buluu, halafu buluu nzito, halafu giza. Vumbi jeupe linashuka polepole, linashuka tu, wala halichoki. Samaki mmoja kapita, hana haraka na mtu. Halafu taa ikaangukia bawa la ndege.

Nimerudi nyumbani natembea taratibu, kama na mimi niko chini ya maji. Bodaboda kanitukana, sikumjibu.

Alhamisi, 12 Juni

Ndege imekaa juu ya tope, nzima, kama imeegeshwa. Watu wa meli wanataka kuitambua. Pontien anatafsiri, mimi natoa maoni. Ina ndoano mkiani ya kunasia kamba inapotua juu ya meli, kwa hiyo ni ya majini. Mabawa yana bawaba, yanakunjwa ili ziingie nyingi melini. Sasa inatakiwa namba. Imeandikwa mkiani, ila tarakimu ya mwisho imekaliwa na mdudu wa baharini, mwekundu, mwenye mikono mingi. Kajishikiza hapo kama mpangaji asiyetaka kuhama. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 8.

Mimi nimeshaona. Ni 3.

Mwanahija kaja kuchukua vikombe, akasimama mlangoni na sinia lake. Kauliza mbona kile kioo cha juu ya kiti cha rubani kiko wazi. Nikamweleza kwamba maji yana nguvu. Akasema maji hayawezi kufungua kitu vizuri namna ile, akaenda zake. Wanawake huangalia vitu vidogo.

Pontien kasoma kumbukumbu za jeshi. Ndege zote mbili, ya 3 na ya 8, ziliruka siku moja, mwaka 1944. Ya namba 3 ilikuwa na kijana aitwaye Delmar, hakuonekana tena. Alipofika kwenye namba 8, umeme ukakatika.

Nimelala namuwaza Delmar. Miaka yote hiyo yuko peke yake kwenye giza, na hakuna mtu aliyemkalia matanga mbele ya ndege yake. Hata kiti kimoja. Na mimi nina stoo nzima ya viti.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya swala nimemuuliza shehe kuhusu matanga ya rubani. Kanitazama sana, akauliza kama nimekula. Katekista Selestine naye kasema hajui dhehebu la marehemu, hawezi. Basi. Hakutakuwa na sala, kutakuwa na kukaa tu. Kukaa hakuna dhehebu.

Ubavuni mwa turubai nimebandika karatasi: Turubai, viti, masufuria, muone Mbaruku. Masufuria ni mapya. Hilo si tangazo, ni taarifa kwa wafiwa.

Nimemwambia Mwanahija mapema, asije akadhani ni mpango. Matanga hayapangwi na mtu. Kauliza nani kafa. Nikasema kijana mmoja, alipotelea majini, maiti haikuonekana. Halafu kasema wali na maharage atapika yeye, nisitafute mpishi.

Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka. Iman! Mume wa Mwanahija, alivuka na magunia ya mahindi kutoka Karema kwenda ng'ambo, boti ikapinduka. Wenzake waliokotwa, yeye hapana. Watu walipotaka kufunga turubai, Mwanahija aliwafukuza. Alisema mtu aliyechelewa hawekewi matanga. Shehe ndiye aliyekuja kumwambia, baada ya miaka, kwamba sasa ni mjane na anaweza kuolewa. Sijawahi kumsikia akimtaja. Nimeona haya mwenyewe chumbani.

Jumamosi, 14 Juni

Watu wamejaa! Mpanda ukifunga turubai, watu wanavua kofia kwanza, wanauliza baadaye. Runinga nimeiweka mbele, na ndege ndani yake. Kila anayeingia anaitazama, anatikisa kichwa, anatafuta kiti. Wamama wa Makanyagio wameuliza marehemu kaacha wangapi. Uwesu kaja kuhesabu viti vyangu, kabla hajamaliza wakampa ndoo akachote maji.

Halafu kaingia Ng'washi, Msukuma mwenye ng'ombe zake njia ya Inyonga, aliyekuja mjini kununua chumvi ya mifugo. Kasema marehemu hana kabila hapa Mpanda, kwa hiyo kila mtu ni mtani wake, na yeye anaanza. Kavaa helmeti ya bodaboda. Kajifunga khanga mbili mikononi zikawa mabawa. Karuka turubai nzima akinguruma, akatua kwenye sahani ya maharage ya Mzee Anuari, akasema yeye ndiye Delmar, mafuta yameisha, hainuki hapo mpaka aletewe nyama. Watu wamecheka mpaka wamelia. Hata mimi mfiwa mkuu.

Katikati ya kicheko nikasikia kilio. Mwanahija alikuwa amekaa chini, mbele kabisa ya runinga, kajifunika khanga. Hakuwa analia kwa ustaarabu. Alikuwa anamwita Iman, anamuuliza kwa nini alivuka siku ile wakati alimkataza. Wanawake wakaenda kumshika. Ng'washi kavua helmeti, kakaa, kakunja mabawa yake mapajani. Kwenye runinga lile vumbi jeupe likaendelea kushuka. Mimi nilisimama na upawa mkononi. Nilimhurumia, na sikuwaza viti wala Uwesu wala kitu chochote.

Jioni kanisaidia kukunja turubai. Kasema moyo wake umekuwa mwepesi, hajawahi kulia namna ile tangu Karema. Kasema ahsante, Mbaruku.

Bila kaka.

Jumapili, 15 Juni

Nimeota viti vyangu vimepangwa chini ya bahari, safu kwa safu, na samaki weupe wanapita katikati kama wahudumu. Mwanahija kakaa mbele. Kitambaa chake kinapepea polepole. Ananiashiria kiti cha pembeni yake, na mimi natembea, natembea, sifiki, na wala sina wasiwasi.

Mzee Anuari kapita asubuhi. Kauliza, kama mtu anayejiulizia tu, eti stoo yangu ina dirisha. Kasema Mwanahija akihamia hapo na friji, panataka hewa. Nimepima ukuta kwa mkono nikiimba.

Jumatano, 18 Juni

Habari kubwa. Roboti limempulizia maji yule mdudu mwekundu. Kaachia mkono mmoja mmoja, kaondoka kwa kununa. Namba ni 8.

Kimsingi nilikuwa sahihi. 8 ni 3 mbili zinazotazamana.

Pontien kamalizia kile alichokatishwa na umeme. Rubani wa namba 8 aliishiwa mafuta, akaiteremsha ndege juu ya maji taratibu. Akafungua kioo, akatoka, akasimama kwenye bawa, akapanda kiboti chake cha mpira kabla ndege haijazama. Meli ikamuokota kesho yake, ila habari ilichelewa kufika. Kwao walikuwa wameshaambiwa amekufa! Kaishi, kauza matrekta, kafa mzee sana kitandani, wajukuu wamemzunguka.

Pontien kanisihi ninyamaze. Kasema angalau mpaka Ijumaa ipite. Sikumuelewa. Habari njema kama hii, na Mwanahija ndiye wa kwanza aliyeona kioo kiko wazi! Nikakimbia mgahawani. Nikamweleza yote, na mikono, bawa hivi, kiboti hivi. Nikamwambia ulisema kweli, maji hayafungui kioo. Nilitegemea atafurahi.

Kaacha chapati inaungua. Nikaigeuza mimi. Kauliza kama kwao walishaamini kabisa. Nikasema kabisa, mama yake alikuwa ameshavaa nguo nyeusi. Ya nguo nyeusi nimeongeza mwenyewe, ili hadithi ikae vizuri. Kauliza, na akarudi? Nikasema akarudi, akapiga hodi mwenyewe. Hodi pia ni yangu.

Kavua aproni, kakaa kwenye benchi la wateja. Alikuwa anaangalia nje, upande wa barabara ya Karema. Nadhani nimemgusa.

Ijumaa, 20 Juni

Nimevaa kanzu. Nimefagia stoo. Mzee Anuari kaja na jibu.

Hakutaka kukaa. Kasema Mwanahija ameondoka na basi la asubuhi kwenda Karema. Anataka kuwauliza watu wa boti za ng'ambo, mmoja mmoja, kama kuna mtu aliwahi kuokotwa upande ule akasahaulika. Posa isubiri. Kasema jibu lilikuwa ndiyo tangu Jumamosi ya matanga, kitambaa cha shela kilishanunuliwa. Halafu Jumatano mtu kaenda kumwambia waliopotea majini huwa wanarudi. Mzee hakunitajia mtu huyo ni nani. Alikuwa ananiangalia tu.

Kaniachia chapati zilizofungwa kwenye gazeti, na salamu kwa kaka Mbaruku.

Nimeumia. Nimekaa na kanzu yangu kwenye stoo isiyo na dirisha, na chapati sikuweza kuzila. Jioni Uwesu kaja. Nilijua kaja kunicheka. Kumbe kanibebea kiti chake kimoja chenye kitambaa cheupe, kasema hicho ni laini zaidi. Tukakaa. Kweli ni laini.

Jumapili, 22 Juni

Pontien kapita. Hakutaka kusema, nimemlazimisha. Meli imesogea. Chombo chao kimeona kitu kingine, mbali kidogo na kile cha kwanza, kina umbo la ndege.

Nikasimama. Kama ile ilikuwa 8, basi hii ni 3. Hii ndiyo ya Delmar! Maana yake Delmar wetu hajakaliwa matanga bado, yale yote tulimkalia mtu aliyekufa kitandani kwake. Ni aibu kwa mtaa mzima. Pontien kasema haijulikani bado kama ni ndege au ni jiwe. Nikamwambia mimi nimeshaona.

Nimempigia Mwanahija hapo hapo. Pontien alijaribu kuninyang'anya simu. Mtandao wa Karema ulikuwa mbaya, nikawa nasikia mawimbi nyuma yake, yanakuja na kurudi. Nikampa habari yote. Halafu kauliza kwa sauti ndogo kama huyu naye kioo chake kiko wazi.

Nikasema bado hatujaona, lakini kikiwa wazi nitampigia palepale. Kasema sawa, kaka Mbaruku, atasubiri simu yangu.

Ananitegemea! Nimekwenda kuosha viti.