Mizani, Sisimizi na Kidonge cha Bucha

Jumatano, 4 Machi

Leo nimekuwa mtu wa utafiti. Nimetia sahihi. Muuguzi alinieleza mara mbili. Mara ya pili nilimwomba mwenyewe, maana ana sauti nzuri na nyumbani hakuna anayenieleza chochote. Ni hivi: dawa ni ya kisukari. Mimi sina kisukari. Nina moyo uliochoka kusukuma damu, ndiyo maana miguu inavimba na ngazi tatu zinanitoa jasho. Wakubwa wanataka kujua kama dawa ya wenye sukari itaufaa moyo wa asiye na sukari. Nusu yetu tutapewa dawa yenyewe. Nusu, kidonge kitupu kinachofanana nayo. Nani kapewa kipi, hakuna ajuaye. Hata daktari!

Mimi! Mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo! Nimefunga maduka ya watu kwa kuuza kilo pungufu, leo natia sahihi nipewe kitu ambacho huenda si kitu. Nimekubali kwa sababu moja, na naiandika hapa tu: muuguzi atanipigia simu kila Ijumaa.

Kwenye benchi la kusubiri nikamkuta nani? Bucha! Muuza nyama wa sokoni, niliyemkamata zamani na sumaku chini ya mizani. Naye moyo umemchoka, naye yumo. Akanisogezea nafasi, akaniita mkaguzi wangu. Nikageuza uso. Nikakaa.

Ijumaa, 6 Machi

Simu! Nilikuwa nimeshavaa shati la kutokea. Muuguzi akauliza pumzi, miguu, nalalia mito mingapi ili nipumue. Nikajibu haraka haraka kama mwanafunzi hodari, simu ikaisha. Mjinga mimi! Wiki ijayo nitaongeza mto mmoja kwenye majibu, simu irefuke.

Mwanangu naye alipiga. Akasema yuko kwenye kikao, atanipigia baadaye. Yeye ndiye aliyepiga!

Nimeikalia miwani. Imevunjika mkono na kioo. Zamani kulikuwa na mtu wa kunipigia kelele kabla sijakaa.

Jumapili, 8 Machi

Nina mpango. Muuguzi alisema dawa hii huzifanya figo zimwage sukari kwenye mkojo, kwa hiyo tusijipime mkojo nyumbani, tutaharibu utafiti. Kumkataza mkaguzi kupima ni kumwonyesha njia. Kisukari cha mama mkwe, Mungu amrehemu, kiligunduliwa na sisimizi wa uani kabla ya hospitali.

Nikachukua visahani vitatu vya marehemu mke wangu, vile vya wageni. Wageni wenyewe wako wapi? Nikavipanga uani chini ya ukuta. Kimoja maji. Kimoja maji ya sukari. Kimoja changu. Nikaleta kiti.

Sukari: wamejaa. Maji: hakuna kitu. Changu: alikuja mmoja, akazunguka ukingoni, akaenda zake.

Nimepewa kidonge kitupu. Nimedharauliwa na sisimizi.

Jumatano, 11 Machi

Bucha kaja na viatu vya kamba! Wiki iliyopita alivaa ndala kwa uvimbe. Akainua suruali watu waone vifundo vyake, vyembamba kama vya msichana. Akasema usiku wa jana amelala chali bila kukohoa. Basi! Mwenye mizani ya uongo kapewa dawa ya kweli, na mwenye mizani ya kweli kapewa unga. Dunia hii!

Alipoitwa kupimwa uzito aliacha mfuko wake benchini. Chupa zetu za vidonge ni pacha, tofauti ni kijinamba kidogo ambacho bila miwani sikioni. Nikabadilisha. Kazi ikafanyika. Nilipoitwa mimi nikamwomba anitunzie mfuko, ili nionekane mtu wa amani. Akanitunzia. Niliporudi alikuwa akitabasamu. Maskini, hakushuku lolote.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekuwa mpya! Nimepanda mpaka dukani bila kusimama. (Nilisimama mara moja, lakini ni kumsalimia mbwa.)

Nikarudia kipimo kwa uhakika. Bomba halitoi maji leo, kwa hiyo nikaokota kisahani kimojawapo pale pale ukutani, nikakitumia kilivyo. Wamekuja! Msururu! Kutoka nyufa zote! Nikasimama nikawapigia makofi.

Nilitaka kumwambia mtu. Mwanangu hapatikani. Muuguzi siwezi kumwambia, atanitoa utafitini. Mtu pekee ambaye angecheka kisa hiki ni Bucha, naye ndiye niliyemwibia. Nikaingia ndani, nikafungua redio, nikaifunga. Ushindi usio na wa kumsimulia unachosha kuliko ngazi.

Jumatano, 18 Machi

Benchi tupu. Nikaacha nafasi upande wa ukuta, anapopenda kuegemea. Hakuja. Muuguzi akasema Bucha amelazwa tangu jana, mapafu yamejaa maji, jirani ndiye aliyemkuta.

Nimemuua. Nilikamata watu kwa gramu hamsini, mimi nimeiba moyo mzima. Sijala.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekwenda wodini. Amelala, uso ukutani, mdogo kuliko nilivyomfahamu. Chupa yake ilikuwa kwenye droo ya kabati. Nikachukua ile, nikaweka niliyokuwa nayo. Haki imerudi mahali pake! Nikafuta machozi, nikakaa kitandani miguuni pake.

Akaamka. Akafurahi kuniona, tena sana, nikaona aibu. Nikataka kuungama, akanitangulia. Akasema siku ile alikuwa kwenye mizani, akaniona nimetia mkono mfukoni mwake kupitia kioo cha mlango. Nilipompa mfuko anitunzie akazirudisha chupa papo hapo. Mikono yangu mizito, alisema. Yeye ameishi kwa mikono mepesi na mimi nilimkamata mara moja tu. Kilichomlaza ni nyama ya chumvi aliyoila siku mbili mfululizo, na muuguzi ameshamsema mpaka amejificha chini ya shuka.

Nikamuuliza kwa nini hakunishtaki. Akasema wangenitoa, halafu yeye angekaa na nani benchini?

 Nikamrekebishia mto. Kengele ikalia, wageni tukatolewa.

Nikafika kituo cha basi ndipo nikasimama ghafla. Kama alikwisha kuzirudisha... basi leo ndiyo nimezibadilisha kweli! Nikarudi mbio, mbio za moyo wangu. Mlinzi akasema saa ya kuona wagonjwa imekwisha.

Na wale sisimizi wa Jumamosi? Nimeenda uani kuangalia. Kisahani kile ndicho kilichokuwa na sukari. Sikukiosha. Sisimizi si viumbe wa kuaminika.

Jumatano, 25 Machi

Bucha karudi benchini. Ndala. Wodini nilipomrudia walikuwa wameshamruhusu, kwa hiyo leo nilikuwa nimejiandaa kumwambia, lakini kabla sijafungua mdomo muuguzi akakusanya chupa ahesabu vidonge. Yeye miwani anayo. Akasoma namba ya kwangu. Akasoma ya Bucha. Akamwita daktari.

Daktari akauliza nani kafanya hivi. Moyo wangu ukapiga kwa nguvu ambazo utafiti wao ungezifurahia. Na Bucha akasema ni yeye. Hivi hivi! Akasema ni mazoea ya mkono, hata mkaguzi huyu anaijua historia yake. Daktari akanigeukia, akauliza kama nilijua.

Nikasema sikujua lolote.

Mimi nikapewa chupa mpya kwa kuwa nimedhulumiwa. Bucha kasimamishwa vidonge. Ataendelea kupigiwa simu mpaka utafiti uishe, lakini Jumatano haji tena. Akachukua mfuko wake, akanipa mkono, akaondoka taratibu akishika ukuta. Nilibaki na benchi lote peke yangu. Hakuna mwizi niliyemkamata aliyenuka kama nilivyojinukia leo.

Ijumaa, 27 Machi

Muuguzi kapiga. Sikuongeza mto wala kikohozi. Nikamuuliza kama ameshampigia Bucha. Akasema ndiyo, na Bucha naye kaniulizia mimi.

Jumapili, 29 Machi

Nimefikiri sana na nimepata suluhisho. La ajabu! Kuungama hapana: na mimi nitasimamishwa, tutakuwa wawili bila dawa, nani atafaidika? Mpango huu ni safi, na safari hii hauna kasoro.

Nimekwenda kwake. Chumba kimoja, kiti kimoja. Akanipa kiti, yeye akakaa kitandani. Nikatoa chupa yangu mpya, wembe, na mizani yangu ndogo ya shaba ya tangu kazini. Nikamweleza: kila siku nitakuja, tutakata kidonge kimoja, nusu yake nusu yangu. Muuguzi akihesabu, hesabu itatimia. Namba ni yangu. Nani atajua?

Bucha akasema huenda kidonge chenyewe ni kitupu. Nikamwambia tutagawana utupu kwa haki. Akasema tutaharibu utafiti wa watu. Nikamwuliza kesho nije saa ngapi. Akawaza, akasema asubuhi, atachemsha chai, bila chumvi wala ujanja.

Nikakata. Nikapima. Bila miwani niliinama mpaka pua ikagusa sahani. Nusu moja ilizidi kidogo. Nikampa hiyo, nikamwambia zimelingana sawasawa.

Akaitazama mizani, akanitazama mimi, akameza.