Samaki wa Bahari ya Chumvi

Jumatatu, 5 Agosti

Mama yangu amepiga simu kutoka Uvira. Jumatatu ijayo anapasuliwa ile tezi ya shingoni. Daktari amemwonya kwamba sauti inaweza kubadilika, inaweza hata kupotea. Kabla ya siku hiyo anataka kitu kimoja tu: kuongea na mjukuu wake Chloé, wao wawili, kwa Kiswahili. Nikamwambia asiwe na shaka, mtoto anakimwaga kama maji.

Uongo! Chloé wangu ana miaka kumi na tano, hesabu analishinda darasa zima, sijisifu, nasema tu. Lakini kazaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hasa nikimgombeza. Kujibu, anajibu Kiingereza. Koko wake, yaani bibi yake, akiwa kwenye simu, yeye anakimbilia bafuni.

Nina siku sita. Darasa la sita nililimaliza, siku sita hazinishindi.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Nimemwandikia hotuba ya kurasa mbili, aikariri. Inaanza na salamu, inapitia Zaburi tatu, inaishia kwa kunisifu mimi. Chloé kasoma mistari minne, kauliza kama koko anapasuliwa au anaapishwa kuwa rais. Eish! Mdomo huo kautoa kwa baba yake.

Clémentine, jirani yangu msusi, kasikia yote dirishani. Akaona vyema kunijulisha kwamba Arlène wake huongea na bibi yake wa Lubumbashi kila Jumamosi, bila karatasi. Sikugombana naye. Nilimuuliza tu, kwa upole, kama Arlène bado anarudia darasa.

Jumatano, 7 Agosti

Mungu asante kwa kazi hii. Katika ukumbi wa vijana wa Kiyahudi hapa mtaa wa Observatory, mwenye funguo na ndoo ni mimi. Wiki hii nzima mwalimu wao Tamar anawafundisha habari za nchi ya mababu zao, Israeli. Watoto wazuri, wananiita Mama Chloé. Wamezaliwa hapahapa, wanapenda raga na chipsi.

Leo Tamar kawaambia wafumbe macho wanyooshe kidole Yerusalemu iliko. Wote kaskazini! Vidole ishirini! Tamar kasema wazee wao walisali wakielekea huko karne na karne, popote walipotawanyika, hata wale ambao hawakuiona kamwe. Kijana mmoja, Ilan, akauliza mtu anapakumbukaje mahali asipowahi kufika. Tamar akasema: mtu alimsimulia, naye akasimulia.

Nikasimama na fagio langu. Chloé nikimwambia anyooshee Uvira, atanyooshea duka la spaza pale kona.

Mpango wa pili: kesho namleta apange viti, asikie mambo ya mababu, masikio yajifunze yenyewe. Tena nimefikiri: Uvira nayo iko kaskazini. Sala zao zinapita juu ya paa la mama! Nikamwambia Clémentine. Akasema zinapita Lubumbashi kwanza. Mwanamke huyu!

Alhamisi, 8 Agosti

Balaa! Tamar alikuwa ameichora nchi yote sakafuni kwa chaki, vijana wapate kuitembea. Mimi, kwa usafi wangu unaojulikana, nikapiga deki. Galilaya mpaka jangwani, yote ndooni.

Zimebaki dakika arobaini vijana waingie. Nikalie? Nikachukua chaki. Biblia naijua! Ziwa dogo juu, mto unashuka, ziwa refu chini, na mji wenyewe upande wa magharibi, penye vilima. Mkono ulienda peke yake. Nikaongeza samaki, mitumbwi mitatu na soko, wasinione mchoyo.

Vijana wakaingia wakacheka. Ilan akasema, kwa adabu, kwamba Bahari ya Chumvi haina samaki hata mmoja, chumvi ni kali mno. Tamar akaniuliza taratibu hii ni nchi gani. Nikatazama. Yesu wangu! Ziwa Kivu, mto Ruzizi, ziwa Tanganyika. Yerusalemu nimeiweka Uvira!

Nikangoja kufukuzwa. Tamar akapiga magoti, akaangalia mitumbwi mmoja mmoja. Kisha akawauliza vijana nani kati yao anaweza kuchora nchi ya mababu zake bila kutazama kitabu, kama huyu mama alivyochora yake huku akidhani anachora yao. Akaniomba niisimulie.

Kiingereza kikanikimbia chote. Nikaanza kwa Kiswahili, na Chloé, kutoka kwenye viti vyake, akatafsiri. Alipokwama aliniinamia sikioni akauliza mto huo una viboko kweli, na koko alikuwa anateka maji wapi. Kwa Kiswahili! Ili wale wenzake wasijue kwamba hajui.

Ilan kasema bibi wa babu yake, kule Lithuania, alitunza kifuko cha udongo wa Yerusalemu mpaka akazikwa nao.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikuwa tayari na hotuba yangu. Chloé kachukua simu, kaingia chumbani, kafunga mlango. Nikaweka sikio. Kiswahili cha kuvunjikavunjika, maneno mengine yametangulia, mengine yamechelewa. Kamuuliza koko alipokuwa mdogo walicheza nini pale mtoni. Mama akacheka, cheko lake lile la kujaza ua, akasimulia nusu saa. Chloé kazi yake ni moja: halafu? halafu, koko? Mwisho mama akaimba wimbo wa kutwanga, sauti nzima, na mtoto akairekodi.

Nililia mlangoni. Asante Mungu. Asante Tamar na vijana wake. Asante hata Clémentine, aliyeleta mandazi na kulia pamoja nami, ingawa yalikuwa magumu.

Jumanne, 13 Agosti

Mama kaamka salama! Sauti bado ni mnong'ono, daktari anasema tungoje. Anaomba awekewe ule wimbo wake aliorekodi Chloé, kila anayeingia wodini ausikie. Namshukuru Mungu kwa kila kitu, nami najishukuru kidogo, maana mipango yote ilikuwa yangu.

Kwa hiyo nimeipanua. Kila jioni Chloé ataongea na jamaa mmoja: kesho shangazi Concilie, Alhamisi baba mdogo Lambert, na kuendelea, kumi na wanne kwa jumla. Lambert ni wa upande wa baba yake, kauliza kama mtoto anaongea Kifuliiru pia, lugha ya kwao. Nikamwambia Jumapili atauhubiria kwa Kifuliiru ukoo mzima, simu ikiwa juu ya meza. Mimi mwenyewe Kifuliiru ninachojua ni salamu moja na matusi mawili.

Chloé bado hajaambiwa. Atafurahi sana!