Bish ya Ishirini na Bish ya Sumu

Jumapili, 7 Julai
Mkaguzi wa elimu anakuja Alhamisi! Mwalimu mkuu ametangaza: mwenye zana bora za kufundishia atahamishiwa shule ya mjini. Mjini! Umeme usiokatika, feni juu ya kichwa. Nani anafaa kama si mimi, Lutfar Mridha? Kikwazo ni Dada Jobaida, mwalimu wa darasa la jirani, na kadi zake. Maneno ya Kibengali yanayotamkwa sawa yanawatesa watoto wetu, naye anayachorea picha. "Bish" ya ishirini: embe ishirini. "Bish" ya sumu: fuvu jeusi. Wanampenda hadi kero. Mimi kuchora sijui. Juzi nilichora ng'ombe, darasa zima likajibu: "Kitanda!"

Jumatatu, 8 Julai
Nimepata! Ya nini kuchora na vitu vyenyewe vipo? Nimechukua kwa shemeji chupa ya dawa ya wadudu wa mibiringanya. Nimeisuuza. Haraka haraka, maana inanuka. Lebo ya fuvu nimeiacha. Kwa ishirini, vipande ishirini vya sukari guru. Vyote ndani ya mfuko mmoja. Jobaida kwisha kazi!

Jumanne, 9 Julai
Asubuhi Jobaida aliniona na mfuko, akaniambia, kaka Lutfar, sumu ichore tu, usiwaletee watoto. Wivu, nikajua.
Nilimwita Runu, binti mdogo wa dawati la mbele, anionyeshe "bish". Akagusa sukari guru. Safi! Nikampa kipande kimoja, zawadi yake. Akatafuna, akakunja uso, akasema: "Mwalimu, bish." Nikampigia makofi. Darasa likapiga makofi. Akarudia: "Bish, Mwalimu." Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ishirini, sasa kaa.
Mara mate yakaanza kumtiririka, mwili ukitetemeka. Watoto wakatimka nje wakipiga kelele kwamba Runu amekula bish. Mwalimu mkuu akaja, akahesabu vipande. Akasema ishirini wapi, mbona amekula kimoja tu? Nami nikamuunga mkono! Tukasimama pale tunajadili hesabu. Jobaida akaingia, akanusa sukari, akambeba mtoto, akapanda naye riksho hadi hospitali.

Jumatano, 10 Julai
Hospitali. Runu yu hai. Mrija puani, midomo imepauka. Mama yake hakunifokea, afadhali angenifokea. Aliniuliza polepole: "Mwalimu, mwanangu alikuambia. Alikuambia mara mbili. Hukumsikia?"
Nikafungua mdomo nimweleze habari za maneno yanayotamkwa sawa. Nikaishia kumrekebishia mtoto shuka. Jobaida alikuwa ameketi sakafuni, nguo zile zile za jana. Hakuniangalia.

Alhamisi, 11 Julai
Mkaguzi kaja. Mwalimu mkuu akamwambia kuna mtoto mmoja ana homa ya tumbo. Nikamsogezea mkaguzi kiti. Jobaida alisema yote, mbele ya kila mtu. Mkaguzi akatazama saa, akasema maji yanapanda, boti inamngoja, jambo hilo litazungumzwa siku nyingine. Kadi za Jobaida hakuzigusa. Hakuna aendaye mjini. Angalau hata yeye haendi!

Jumamosi, 13 Julai
Runu karudi kwao. Mkono wa kulia bado unatetemeka, kalamu haushiki. Daktari hajui kama utatulia. Nimelia peke yangu, nyuma ya jiko.
Halafu nikakaa nikafikiri vizuri. Kosa lilikuwa chakula! Zana isiwe ya kuliwa, basi. Sasa kuna "ban" ya mshale na "ban" ya mafuriko. Mshale nimeazima, wa chuma, umenolewa. Na mafuriko, nani ahangaike kuyachora? Mto umeanza kumega ukingo nyuma ya shule. Kesho Jumapili wiki ya shule inaanza, nitawapanga watoto pale pale, wadogo mbele, ili waone vizuri.