Kiti Changu Hakikuwa Ardhi Isiyo na Mwenyewe

Koekelberg, Brussels

Kwako Papa Kabeya, Mwenyekiti wa Umoja wa Wazee wa Katanga,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na kamati yako. Nakuandikia nikiwa mtawaliwa ndani ya nyumba yenye jina langu mlangoni.

Utawala wenyewe ulianza kihalali. Maman Antoinette, dada mkubwa wa mke wangu, alikuja kututembelea kutoka Lubumbashi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa hatulimi, kwa hiyo siku ya tatu nilimpa mwiko. Akaupokea kama fimbo ya kifalme.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda msalani. Niliporudi, kitenge chake kilikuwa kimetandazwa juu ya kiti changu. Alidai alikikuta kitupu. Nafafanua: kiti ambacho bado kina joto la mtu si ardhi isiyo na mwenyewe.

2. Chumvi. Ameipiga marufuku mezani. Binadamu huzaliwa na ulimi kabla hajawa chini ya serikali yoyote. Basi haki ya kuonja haikutolewa na mtawala, wala mtawala hawezi kuiondoa. Nilimweleza hayo kwa utulivu, pamoja na mifano, hadi sombe, kisamvu chetu, ikapoa. Akanijibu, "Bon, shemeji, chumvi itakuua. Kula." Hakuna dola iliyowahi kutawala watu ila kwa faida yao.

3. Yeye na mke wangu walikaa saluni kule Galerie d'Ixelles wakisukwa, na kabla ya msuko wa mwisho walikwishagawana sebule, jiko na rimoti. Mimi mwenyeji sikualikwa. Niliarifiwa tu kwamba nimebakiziwa roshani. Ilikuwa Januari, katikati ya baridi ya Ulaya.

4. Wajukuu zangu amewafanya machifu kwa peremende. Nikigusa kikopo cha chumvi, wananishtaki.

Naomba kamati itamke kwamba hakuna mamlaka pasipo ridhaa ya watawaliwa, kisha inipe idhini ya kutangaza uhuru wa sebule. Fidia sidai. Nataka kiti, na chumvi kidogo.

Nisalimie Maman mkeo hapo nyumbani, watoto, na kamati nzima, pamoja na wale wanaosinzia mikutanoni.

Wako katika kudai haki,
Kyungu, mwalimu mstaafu

Nyongeza: Nikiwa natafuta stempu, Maman Antoinette ametangaza kwamba anarudi Lubumbashi, na amenikabidhi kiti na rimoti kwa amani kabisa. Papo hapo mjukuu wangu Océane akaomba, kwa adabu, watoto nao wapige kura kuhusu rimoti. Nimemfafanulia kwamba bado hawajakomaa kujitawala, na kwamba ninawashikia kwa faida yao. Sasa anataka kuisoma barua hii. Naituma haraka; ukiimaliza, Papa, ichane.