Namba Ibadilike, Ukurasa Usipepese

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kanifokea mbele ya wagonjwa! Ni dada wa mke wangu, daktari wa meno. Nilimtengenezea ukurasa wa namba za foleni, wenye picha yake juu, uko kwenye skrini ya chumba cha kusubiria. Namba ikibadilika, ukurasa wote unajipakia upya. Skrini nyeupe, kisha inarudi kwa kujivuta. Leo bibi mmoja kadhani umeme umekatika, akarudi nyumbani na jino lake. Shemeji anasema hadi Ijumaa namba ibadilike, ukurasa usipepese. La sivyo kazi anampa Miwani, mwenzangu wa ofisini, yule anayeosha kikombe kabla na baada ya kunywa. Sina mteja mwingine. Na mke wangu keshautangazia ukoo kwamba naendesha mitambo ya hospitali.

Jumanne, 4 Machi

Miwani kaja bila kuitwa. Eti niiombe seva, ile kompyuta inayotuma ukurasa, namba peke yake, nibadilishe kile kisanduku cha namba tu katikati ya ukurasa, mengine niyaache. Nikamjibu ndicho nilichokuwa nafanya. Uongo mtupu, nilikuwa nacheza karata kwenye kompyuta. Namba peke yake inataka niandike kitu kipya kwenye seva. Ya nini? Nitaomba ukurasa wote, ambao upo tayari, niutie kwenye kisanduku. Namba si imo humo humo? Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu mezani, sekunde chache. Namba imebadilika, skrini haikupepesa! Ndani ya kisanduku kulichomoza kitu kama paji la uso la Shemeji. Nikaona ni pambo, nikafunga kompyuta, nikampigia mke wangu kujisifu.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu gani hii! Foleni imejaa, skrini ikawashwa. Ndani ya kisanduku ukatokea ukurasa mzima, na picha ya Shemeji anatabasamu. Ndani ya kisanduku cha huo, mwingine. Na mwingine. Kila mmoja nao unaiomba seva ukurasa wa kwake. Shemeji akazidi kupungua ukubwa na kuongezeka idadi. Mzee mwenye shavu lililovimba akauliza kwa adabu ni yupi kati ya hao atakayemng'oa. Kisha seva ikazimika, kompyuta ya mapokezi nayo ikaganda. Nikajifungia chooni. Shemeji akanieleza kupitia mlangoni kwamba kazi ni ya Miwani, tena nitoke, kuna mgonjwa kabanwa.

Miwani alipokuwa akitengeneza, niliamriwa nisimame niite namba kwa mdomo. Kamaliza kabla ya chai. Imeniuma, sitaficha.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu hasemi nami. Nimejitafakari kwa unyenyekevu mkubwa. Mwenye duka la dawa jirani anataka ukurasa wa foleni, nimemwahidi Jumatatu. Miwani kajitolea kunielekeza. Nimekataa. Kwani kosa silijui? Kisanduku kilikuwa kidogo mno. Huyu namwekea kikubwa.