Soksi Zangu za Utotoni

Jumanne, 8 Julai

Baridi. Ukungu umeingia mpaka jikoni na kukaa. Mlima haujaonekana tangu mwezi uanze. Pengine umehama.

Habari kubwa: nitazaliwa!

Watiri, binti yangu wa pekee, ametoka hospitalini. Mashine imechungulia tumboni na kuona mvulana. Sisi Wagikuyu mpango wetu uko wazi. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu wa upande wa baba, wa pili jina la babu wa upande wa mama. Wa kwanza alikwenda upande ule, sikunung'unika. Sana. Huyu wa pili ni wangu. Yaani ni mimi. Ngatia! Watiri atanibeba mgongoni na kuniita baba nikiwa sina hata jino. Sasa hivi pia nina machache, kwa hiyo hatachanganyikiwa.

Kisha mkwe wangu akaharibu chai. Masinde, mwalimu, mtu wa Webuye, mpole mpaka anaudhi. Akasafisha koo. Akasema kwao mtoto hupewa jina la mtu aliyekwisha lala. "Na wewe, mzee, bado uko." Nikaomba msamaha kwa kuwepo.

Nikamwambia Watiri aamue. Akacheka, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya stuli. Akasema tangu azaliwe hajaniona nikimfanyia mtoto kitu chochote kwa mikono hii, hata nepi sikuwahi kushika. Basi nimfumie mtoto soksi, mimi mwenyewe, jozi kamili, kabla hajafika. Nikiweza, jina ni langu. Masinde alicheka mpaka chai ikamtokea puani, akanipa mkono. Amekubali! Marehemu mama yake Watiri alikuwa akifuma huku anasinzia. Kitu kinachofumwa usingizini kitanishinda mimi niliye macho?

Alhamisi, 10 Julai

Nimeteremka mjini, duka la nyuzi la Sarla. Mama wa Kihindi, Kikuyu chake kimenyooka kuliko cha mkwe wangu. Akauliza nataka sindano za namba gani. Nikasema zile kali. Akanitolea fungu la sindano fupi, zina ncha huku na ncha kule. Nikauliza pa kushikia ni wapi. Akasema hapo hapo, katikati. Ajabu! Kitu kinachodunga pande zote mbili, na kinauzwa kwa wazee.

Akauliza soksi ni za nani. Zangu, nikasema, za utotoni. Akamtazama mumewe Tulsidas. Tulsidas akapunguza redio.

Sarla alishauri uzi mweupe. Nikachukua wa kahawia, rangi ya koti langu. Huyo mtoto ninamjua, atauchafua mweupe siku ya kwanza.

Ijumaa, 11 Julai

Somo la kwanza. Kasyoka ana kibanda hapa Gatitu, anafuma sweta za shule kwa mashine. Mumewe ni polisi, na maswali amejifunza nyumbani. Nilipomwambia nataka kufuma kwa mkono, akauliza nimekosana na nani.

Akaniketisha juu ya gunia la nyuzi, akanionyesha. Uzi unazunguka sindano, kinatokea kitanzi, ndani ya kitanzi unavuta kingine. Rahisi! Mimi nikavuta kiume. Vitanzi vikakaza mpaka sindano ikakataa kutoka. Kasyoka akavuta huku, mimi nikavuta kule. Huniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu.

"Legeza mkono, Guka! Hiyo si ng'ombe unafunga kamba."

Wateja walisimama kutazama. Mmoja akauliza kama mzee anang'olewa jino.

Kufikia saa ya chakula nilikuwa na kipande kikubwa kama stempu, chenye mashimo. Kasyoka akasema si mbaya kwa mwanzo. Nikamweleza hayo si mashimo, ni madirisha. Mtoto atapenda kuona nje.

Jumapili, 13 Julai

Sikwenda kanisani. Mungu anajua nilipo. Dirishani.

Nimegundua siri ya kufuma: usitazame mikono. Tazama ukungu. Sindano zinagongana polepole, tik, tik, kama matone ya paa baada ya mvua, na baada ya muda huwezi kujua kama unavuta uzi au unavuta ukungu wenyewe, unaingia kwa dirisha, unapita vidoleni, unakuwa soksi. Leo nilijiona. Nilikuwa mdogo, nimesimama kule kwetu Tetu, nilikokulia, kati ya mistari ya chai, umande umenifika magotini, miguu imevaa kitu cha kahawia na chenye joto. Mtu akaita: Ngatia! Nikageuka kuitika, mimi mzee, lakini yule mdogo alikuwa ameshaitika. Nikanyamaza. Sikuona wivu hata kidogo. Ni raha kuitwa na mwingine akaenda.

Nilipozinduka uji ulikuwa umeganda na soksi ilikuwa imerefuka vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Soksi moja imekwisha! Nikaipeleka kwa Kasyoka nikiwa nimeikunjua kama bendera. Aliingiza mkono wake ndani. Mkono ukaingia, ukaingia, kiwiko kikapotea. Akauliza kama Watiri anatarajia mtoto au anatarajia chatu.

Akauliza nilipima vipi. Swali gani hilo? Nilipima kwa mguu wangu. Mtoto akiwa ni mimi, mguu ni wa nani? Kasyoka akainama nyuma ya mashine na kukaa huko muda mrefu. Mabega tu ndiyo yalionekana, yakitikisika. Aliporudi alikuwa amefuta macho. Akauliza na kisigino kiko wapi. Kisigino! Nilikuwa Tetu wakati wa kisigino.

Akashika ncha ya uzi na kufumua. Soksi ilikimbia mbele ya macho yangu. Chai yote ile, umande wote ule, sasa ni mpira wa uzi uliojikunjakunja kama nywele za aliyeamka.

Alhamisi, 17 Julai

Mkwe wangu ni mdanganyifu! Kila jioni anamtembeza Watiri kupanda kile kilima, ati ni kwa afya. Ninajua hesabu yake. Anataka mtoto atoke kabla ya soksi. Leo nilipeleka kiti mpaka getini na kumwamuru binti yangu akae, apumzike, asiharakishe. Masinde akamshika mkono wa kulia, atembee. Mimi nikashika wa kushoto, akae. Watiri akatuambia sote wawili tumwondokee, na jinsi alivyosema tuliondoka pamoja.

Mama yake Masinde amefika kutoka Webuye kumsaidia Watiri. Anaitwa Nasimiyu, mwanamke mpana wa sauti. Ameniletea jogoo kwa heshima ya ukwe. Akatazama kazi yangu kwa makini, akasema, "Mkwe, hukuniambia wewe ni mvuvi. Hiyo nyavu inashika samaki gani?"

Jumamosi, 19 Julai

Nimefikiri. Mikono ni yangu, na jogoo pia ni wangu. Anayempeleka jogoo kwa mikono yake amefanya kazi kwa mikono yake. Hakuna wakili wa kunishinda hapo.

Kasyoka alimpokea jogoo bila maneno mengi, akavuta mashine huku na huku. Krrr, krrr. Maji ya chai hayakuwahi kuchemka. Jozi kamili! Ndogo, laini, za kijani, zina mistari miwili ya manjano juu. Vile vishimo vyangu hazina. Nilimwomba aongeze kimoja, ionekane ni kazi yangu. Akakataa, akasema jina lake analo moja tu hapa Gatitu.

Jumapili, 20 Julai

Afadhali nisingeamka.

Niliziweka mezani mbele ya wote. Nasimiyu akapiga kigelegele kifupi, kisha akauliza jogoo wake haonekani, yuko wapi. Masinde akachukua soksi moja, akaigeuza, akaangalia kijani, akaangalia mistari ya manjano. Ule upole wake!

"Mzee," akasema, "huyu mtoto umemwandikisha darasa la ngapi?"

Ni sare ya shule yake! Kijani na mistari miwili ya manjano, kila siku anaitazama mbele yake darasani, shule nzima. Kasyoka alitumia mabaki.

Masinde alicheka. Nasimiyu alicheka mpaka akashika ukuta. Watiri hakucheka. Angecheka ningepona. Alisema hakuwa akitaka soksi, soksi zimejaa sokoni. Alitaka kumwona baba yake ameketi akimfanyia mtoto wake kitu, mara moja tu. Akaingia chumbani akafunga mlango.

Nikakaa nje na ukungu. Hata nao ulisogea mbali nami kidogo.

Jumanne, 22 Julai

Nimerudi kwa Kasyoka. Bila jogoo. Akaniambia nyoosha kidole gumba. Akakigusa: "Mguu wake uko hivi, Guka. Kidole chako, basi."

Nimekitazama kidole hiki siku nzima. Kimeshika jembe, kimeshika chupa, kimeshika panga, kimeingia kwenye macho ya watu wawili watatu. Kumbe muda wote kilikuwa na ukubwa wa mguu wa mtu.

Tukafika kisigino. Hapo unaacha vitanzi vingine vikisubiri, unaenda na kurudi kwenye vilivyobaki, unaenda na kurudi, na ghafla soksi inakunja goti yenyewe, inakaa kama mtu aliyeona kiti. Nilipiga kelele. Kasyoka akadhani nimejidunga. Nilikuwa nimejidunga pia, lakini si hiyo ndiyo sababu.

Ijumaa, 25 Julai

Moja imekwisha. Kweli imekwisha! Ina shimo moja tu, na hilo mguu huingilia.

Nilisimama getini kwa Watiri. Akatoka na shali yake. Nikampa. Akaivisha kidole chake gumba, akakikunja kidole, akakikunjua, soksi ikaonekana kama inapiga teke. Akanirudishia na kwenda zake ndani. Kisha Nasimiyu akaniletea chai. Ilikuwa na maziwa mengi, na Nasimiyu hajui ninavyoipenda. Ninajua ni nani anayejua.

Nimeanza ya pili. Mtoto, ngoja kidogo. Kaa huko, huku ni baridi.

Jumapili, 27 Julai

Hakungoja.

Wamemkimbiza Watiri hospitalini asubuhi. Nikafuata na sindano mfukoni, zikinidunga paja kila hatua. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini na kufuma. Mimi na akina mama watupu, matumbo pande zote. Mmoja akaniambia nimeruka kitanzi. Mwingine akasema mwacheni mzee wa watu. Tik, tik. Nje ya dirisha ukungu, ndani sauti za mbali, milango, viatu vya wauguzi, na kwa muda nikaona kama sote ukumbini tumefungwa kwa uzi mmoja, na ncha yake iko nyuma ya ule mlango, na mtu mdogo anaivuta.

Masinde akatoka. Mvulana! Anapumua, analia, Watiri mzima. Tukakumbatiana kabla hatujakumbuka kwamba tunashindana. Kisha akaangalia mikononi mwangu. Soksi ya pili ilikuwa imefika kisigino.

"Pole, mzee. Jozi ni mbili."

Nikamwambia ninazo moja na nusu. Lakini Masinde anafundisha hesabu. Bahati yangu hiyo.

Jumanne, 29 Julai

Nimealikwa kushuhudia jina. Kushuhudia! Nimekaa pembeni kama mtu aliyekuja kurekebisha taa.

Kwao, mtoto akilia, mama mkubwa wa nyumba humwitia majina ya waliolala, na akinyamaza kwenye jina fulani, basi ndilo lake. Nasimiyu akampakata na kuanza. Mtoto akalia. Babu huyu, mjomba yule. Analia. Wafu wote wa Webuye walipita chumbani mle, na kila mmoja alifukuzwa kwa kelele. Nasimiyu alianza kukosa watu.

Mguu mmoja ulikuwa umetoka kwenye blanketi. Mwekundu, umekunjamana. Ninaapa sikupanga chochote, nilichoona ni baridi tu. Nikasogea, nikatoa soksi yangu moja, nikamvisha. Nikasema polepole, "Pole, Ngatia. Pole."

Kimya.

Kimya kabisa. Alinitazama, au alitazama pua yangu.

Nasimiyu akauliza, sasa, ni Ngatia gani aliyelala? Maana hapa tunamwona mmoja na anapumua. Wote wakanigeukia. Nikadhani wananiomba nife kidogo. Halafu nikakumbuka: mimi mwenyewe jina nililitoa wapi? Kwa babu yangu! Ngatia wa Tetu, alilala zamani mno, kabla sijaota ndevu. Nasimiyu akapiga makofi. Si huyo! Yuko! Amefika!

Masinde akanipa mkono. Watiri alikuwa akilia na kucheka, akanishika hiki kidole gumba. Akasema, "Lakini Baba, umeona? Huyu si wewe. Huyu ni guka yako."

Sikuwa nimeliona hilo.

Alhamisi, 31 Julai

Kila asubuhi ninakwenda kumsalimu babu yangu. Nasimiyu anasisitiza nivue kofia. Leo alinikojolea, nami nikasema asante, Guka. Nimemuuliza ukweli kuhusu mpaka wa shamba la Tetu. Akapata kwikwi. Nimeichukua kama ndiyo.

Soksi ya pili imekwisha pia. Watiri aliniuliza kama sasa roho yangu imetulia.

Imetulia vipi? Mzee amepita mbele yangu kwenye foleni! Mimi bado sijazaliwa! Nikamwambia apumzike vya kutosha, mpaka mvua fupi za Oktoba hivi, kisha tuangalie huyo wa tatu. Alinirushia kiatu. Ana nguvu, amepona vizuri. Masinde akasema hajakubali lolote, lakini alitabasamu, na mwenye kutabasamu ameshaingia.

Nimetoka kwa Sarla sasa hivi, nina uzi wa kutosha kufunga ng'ombe wote wa Gatitu. Safari hii ni sweta. Kasyoka alishika kichwa. Akasema sweta ina shingo, ina mabega, kuna watu wanajifunza mwaka mzima. Hao ni watu wa kulalamika. Sweta ni nini? Ni soksi yenye mikono.

Nimemwahidi Masinde itakuwa tayari Jumapili.