Wingu la Nyuma ya Vyoo

Wenzangu wa zamu ya usiku, popote mlipotawanyikia tangu mwekezaji afunge kiwanda, leo nimepata aibu. Nilikuwa wingu. Subirini niwaeleze.

Hapa shule ya Bombambili kuna semina ya walimu. Wanafundishwa namna ya kufundisha habari za mvua, vyanzo vya maji na hali ya hewa inavyobadilika. Shule zimefungwa, watoto wa kufanyia mazoezi hawapo. Basi mkufunzi wao, kijana anaitwa Komba, akapita mitaani kutafuta watu wazima. Kwangu alikuja jana.

"Shikamoo, mama. Kesho njoo uwe mwanafunzi wetu. Mchana tutakula pamoja."

Mimi na darasa la nne langu. Ningekataa, ila lile neno la mwisho lilinishika. Tangu mwanangu aende Dar es Salaam nakula peke yangu, naongea na sufuria. Leo sikuwasha moto kabisa. Nikavaa gauni la Krismasi (linabana, lakini mtu akinyamaza halisemi).

Somo likawa la kuigiza safari ya maji. Uwanja wa mpira ndio bahari. Mwalimu mmoja jua, wengine mito. Mimi nikafunikwa shuka jeupe, nikapandishwa kwenye kichuguu nyuma ya vyoo.

"Mama, wewe ni wingu," akasema Komba. "Wingu haliendi lenyewe. Usishuke mpaka upepo uje kukusukuma."

Upepo alikuwa Mwalimu Ngonyani wa Mpitimbi. Jina hilo lishikeni.

Nikasimama, mikono juu. Nikasikia kengele. Nikasikia sahani zinagongana. Harufu ya nyama ikanifikia (ilikuja bila upepo, sijui sayansi inasemaje hapo). Ngonyani hakuja. Nanyi mnanijua, mashine yangu sikuiacha hata siku ile meneja Haule alipofunga geti nikiwa bado ndani. Nikangoja.

Akapita jirani yangu, Mama Kapinga, na ndoo kichwani.

"Dada, kulikoni huko juu?"

"Mimi ni wingu."

Akanitazama sana. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Namngoja upepo."

"Haya, dada. Hapo hapo, usisogee." Akatua ndoo, akakimbia.

Nikadhani kaenda kumwita Ngonyani. Kumbe kaenda kuita jumuiya ya kanisani. Wakaja akina mama na rozari zao, hao hao ambao hawajakanyaga kwangu tangu matanga ya mume wangu yaishe. Mmoja akanishika mkono. Mwingine akawa anawaambia wenzake, kama vile sisikii, "Ni upweke huo. Nilisema mimi." Nikajieleza. Kadiri nilivyojieleza ndivyo walivyozidi kunishika. Wakaniteremsha, wakanipeleka uwanjani wakisali Salamu Maria, shuka linaburuta nyuma.

Walimu walikuwa wanakula. Ngonyani alikuwa na mfupa mdomoni. Akautoa.

"Lo. Wingu."

Basi. Walicheka jua na mito yake. Komba alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mama Kapinga alipoelezwa akacheka kuwashinda wote, huku ananipangusa vumbi la kichuguu. Mimi nilikuwa naangalia sufuria. Umebaki ukoko. Nikaula nimesimama, maana viti vilivyokuwepo wamevikalia wale walionileta.

Jioni Komba kapita kuomba radhi. "Tulikusahau, mama." Nikamwambia hukuanza wewe. Akaniuliza kesho ningependa kuwa nini.

Msinicheke. Nimeomba niwe bahari. Kwanza uwanja uko karibu na jiko. Pili, nimefundishwa leo kwamba kila anayetoka mlimani, azunguke anavyozunguka, mwisho lazima aje kwa bahari.